Wasichana Tisa wa Mama Lila

Mtoto wa Hulda alikuwa na wiki tatu duniani. Ananyonya, analia, anajinyoosha, kila kitu anacho isipokuwa jina. Na wala usidhani majina yalikuwa yameadimika Makambako. Mwaka ule wa hamsini na mbili hata mbwa wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali kule Njombe, alikuwa na majina mawili, lake na la ukoo. Jina la mtoto huyu lilikuwa kinywani mwa Bibi Tabea, mama mkwe, na Bibi Tabea alikuwa amekifunga kinywa chake.

Katika ukoo wa Enoki, mume wa Hulda, mtoto hupewa jina na mama mzaa baba. Si baba mtu, si mama mtu, si mchungaji. Bibi Tabea alikwisha kuwapa majina Dorika, Lucia, Ema, na mapacha Telesia na Idda, wote wasichana, na kila mara uso wake ulikuwa umepungua mwanga kidogo. Alipozaliwa huyu wa sita, alitembea kutoka Kitandililo na kuku kwapani kama ilivyo ada. Akaingia, akafunua kanga, akatazama palipotakiwa kutazamwa, akafunika.

"Majina ya kike nimemaliza," akasema. "Nimebaki na Hezekia na Mika. Wenyewe wakija, mniite."

Akainuka akarudi zake Kitandililo, na kuku wake akaondoka naye. Hata kuku, jamani!

Hulda alilia. Ukali wa mama mkwe alishauzoea, kwani mtu wa nyanda hizi asiyezoea baridi atakwenda kuishi wapi? Kilichomuuma ni kusikia kile kitoto kikiitwa "huyu". Huyu amelala? Huyu amenyonya? Dada zake watano wana majina yao mazuri, yeye ni huyu. Na mchungaji, ambaye alikuwa na mitaa mingi na baiskeli moja, alikuwa anakuja kubatiza Jumapili. Akishapita, hamwoni tena mpaka baada ya mavuno. Mtoto asiye na jina angebatizwa kwa jina gani?

"Mpe wewe jina," Hulda alimwambia mumewe.

Enoki alikuwa fundi cherehani, hodari wa kukata suti ya karani kwa kumtazama tu akipita barabarani. Lakini hapo akaanza kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. "Mama ni mama," akasema. "Nikimruka atanilaani."

"Basi nenda ukamsihi."

"Nitakwenda."

Hakwenda. Wapo wanaume ambao nje ni simba, wakifika mlangoni kwa mama zao wanakuwa kondoo, na Enoki alikuwa mmoja wao. Hulda alimpenda hivyo hivyo.

Cherehani ya Enoki ilikaa barazani kwa Vithaldas, duka kubwa la Makambako, penye kaniki, chumvi, misumari na mafuta ya taa. Mwafrika alifika barazani, akafika kaunta, akaishia hapo. Nyuma ya kaunta palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango yaliishi maisha ya Kihindi ambayo watu waliyajua kwa harufu tu. Aliyeuvuka mlango ule alikuwa Hulda peke yake. Kwanza aliuvuka kwa sababu ya maziwa aliyokuwa akiyapeleka kila asubuhi. Baadaye, mwaka uliopita, aliuvuka kwa sababu ya Lila, binti wa pekee wa Vithaldas na mkewe Jamnaben. Lila alishikwa na homa iliyomfanya asimtambue hata mama yake. Hulda alikaa na Jamnaben kitandani pa mtoto, huyu akikamua kitambaa cha maji, yule akikiweka, mpaka homa ikashuka. Tangu hapo hawakuwa tena muuza maziwa na mke wa tajiri. Walikuwa Mama Dorika na Mama Lila.

Katika chumba cha ndani Jamnaben alikuwa na picha za kalenda ukutani, zote za wanawake. Mmoja amesimama juu ya ua, fedha zinamwagika viganjani. Mmoja anapiga zeze, bata mweupe miguuni pake. Mmoja ameshika upawa wa chakula. Mmoja mwenye mikono mingi amempanda simba kama sisi tunavyopanda punda.

"Mungu wenu ana wake wangapi?" Hulda aliuliza alipoziona mara ya kwanza.

Jamnaben alicheka mpaka akakaa chini. "Hao si wengi, Mama Dorika. Ni Mama mmoja."

"Mmoja! Mbona huyu ana zeze na yule ana simba?"

"Wewe asubuhi una jembe. Mchana una mwiko. Jioni una mtoto mgongoni. Na juzi ng'ombe wa Sila alipoingia kwenye njegere zako, ulishika fimbo ukapiga kelele mpaka mume wangu akafunga duka akidhani ni vita. Sasa niambie, walikuwa Hulda wangapi?"

Hulda akafikiri. "Mmoja."

"Basi. Mama naye ni hivyo. Penye njaa anakuja na upawa. Penye ujinga anakuja na zeze na kitabu. Shetani akiinua kichwa, anakuja na simba."

"Na huyu je?" Hulda alionyesha picha ya pembeni: mwanamke mweusi tii, nywele zimetimka, macho mekundu, ulimi nje.

"Huyo ni Kali. Mama akiwa amekasirika kabisa. Ukimwona unakimbia. Lakini anayemmaliza ni ubaya, si mtoto wake."

"Huyu namfahamu," alisema Hulda. "Anakaa Kitandililo."

Wakaangua kicheko, Vithaldas akaja mbio na fimbo yake ya yadi kuangalia kumetokea nini.

Sasa, Lila alipokuwa anaumwa, Jamnaben aliweka nadhiri. Kwao kuna sikukuu ya siku tisa ya huyo Mama, na kila siku huheshimiwa kwa sura yake moja. Siku ya mwisho wasichana wadogo tisa huketishwa, huoshwa miguu, hulishwa, kwani siku hiyo Mama mwenyewe huja ndani yao, sura zote tisa. Jamnaben aliapa: Lila akipona, nitawaosha miguu wasichana tisa kwa mikono yangu. Lila akapona. Sikukuu ikafika. Kila jioni Jamnaben aliweka taa ndani ya mtungi wenye matundu, yeye na Lila wakauzunguka wakiimba na kupiga makofi. Kwao ng'ambo mtungi kama ule huzungukwa na kijiji kizima. Hapa walikuwa wawili, na watu wawili wakizunguka taa wanaonekana kama wanatafuta shilingi iliyoanguka. Lakini hakuhangaika, maana siku ya tisa, Jumamosi, jamaa zao wa Njombe wangefika na lori lililojaa mabinti.

Jumamosi asubuhi Hulda alifika na maziwa, kitoto kisicho na jina mgongoni, akamkuta Jamnaben ameinamia sinia ya unga, machozi yanadondokea ndani yake.

"Kulikoni?"

"Lori limevunjika ekseli njiani. Dereva mwingine ndiye ameleta habari. Wote wamerudi Njombe." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, unga ukabaki puani. "Nina Lila peke yake. Mama alinirudishia mtoto, na mimi siwezi hata kumpa wasichana tisa."

"Tisa tu?"

"Unasema tu?"

"Mama Lila, umekaa Makambako miaka kumi na hujaona? Wasichana ndio zao letu kubwa! Mimi mwenyewe nina sita mpaka watu wananicheka."

Jamnaben akaacha kulia. Akamtazama Hulda, kisha akautazama mlango wa dukani. Vithaldas alikuwa amesimama hapo, amesikia yote.

"Waafrika waingie chumba cha sala?" aliuliza kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. "Watu wa Njombe watasema nini?"

"Watu wa Njombe wamerudi kwao na ekseli yao," alisema mkewe. "Mama yuko hapa."

Vithaldas akarudi kupima kaniki.

Hulda naye, baada ya kusema lile neno kwa furaha, furaha ikamkatika. Alikumbuka Kitandililo. Bibi Tabea alikuwa Mlutheri tangu enzi za Mjerumani, mtu wa kukemea hata shanga. Akisikia wajukuu zake wameketishwa mbele ya picha yenye mikono minane, jina la mtoto halitatoka kesho wala mwakani. Hulda alihisi pumzi ya yule mdogo shingoni mwake. Alitaka kusema, samahani Mama Lila, nimekumbuka jambo. Lakini akamwona yule mwanamke mwenye unga puani. Huyu alifika kwake kwa miguu siku ya pili baada ya kujifungua, mbele ya macho ya watu, na sufuria ya uji wenye samli kichwani, asijue hata namna ya kujitwika. Hakuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Aliuliza, amenyonya?

"Weka maji jikoni," Hulda akasema. "Nakwenda kuleta wasichana."

Watano walikuwa wake, na ukimtia Lila walikuwa sita. Sila, jirani mwenye yule ng'ombe, akatoa wawili bila swali alipotajiwa maandazi. Nane hao. Wa tisa Hulda alimfuata kwa Nahumu, mzee wa kanisa, aliyekuwa na binti wa miaka saba. Mke wa Nahumu alishaanza kumpaka mtoto mafuta, Nahumu mwenyewe akatokea zizini.

"Kwa Mhindi? Kwenye sanamu?" Macho yakamtoka. "Na wajukuu wa Bibi Tabea wamo? Bibi anajua?"

Jibu hakulingoja. Nahumu akavuta baiskeli, akarukia, na vumbi likaelekea Kitandililo.

Hulda alirudi mbio. "Tumepata nane, na balaa moja iko njiani. Tufanye haraka." Akashusha mtoto mgongoni. "Huyu hawezi kuwa wa tisa?"

Jamnaben akamgusa mtoto shavuni. "Ningependa. Lakini wa tisa lazima ale chakula kwa mkono wake. Tuanze, labda Mama atamleta."

Basi wasichana wakaingia chumba cha ndani, wameshikana mikono, macho yanazunguka kuanzia picha mpaka sufuria. Vigoda tisa vilikuwa vimepangwa ukutani. Wakakaa vinane, Lila wa kwanza. Jamnaben akaingia amevaa hariri nyekundu, bangili zinalia, sinia ya shaba mikononi na maji ya vuguvugu ndani yake. Akafika mbele ya Dorika, mkubwa wa Hulda, akapiga magoti.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Msichana aliyelelewa Kibena anajua jambo moja kabla hajajua kuhesabu: mtu mzima hawi chini ukawa juu. Mkubwa akiinama, wewe unapiga magoti. Akipiga magoti, wewe unakwenda chini zaidi. Dorika alipomwona mwenye duka, mwenye hariri, amemwangukia miguuni, aliporomoka kutoka kigodani akapiga magoti. "Kamwene, mama," akaamkia.

"Hapana, mwanangu, kaa," alisema Jamnaben, akainama zaidi kuutafuta mguu.

Dorika akaona mama anazidi kushuka, akaweka paji la uso sakafuni. Lucia kuona dada yake yuko chini, akashuka. Ema akashuka. Wa Sila wakashuka. Mapacha, ambao walikuwa na miaka mitatu na hawakuelewa kitu, wakalala kifudifudi kabisa, mikono imenyooka. Jamnaben akatambaa huku, akatambaa kule, akimwinua mmoja wengine wawili wanaanguka, na kadiri alivyoinama ndivyo nao walivyojibandika sakafuni. Lila peke yake alibaki kigodani, amecheka mpaka kwikwi zimemshika. Hulda alitaka kusaidia, lakini naye alikuwa amesimama wakati mwenye nyumba yuko chini, kwa hiyo, Mungu wangu, naye akapiga magoti.

Na wakati huo huo baiskeli ikafika barazani. Nahumu alikuwa hoi, shati limelowa, maana nyuma kwenye keria alikuwa amempakia Bibi Tabea na fimbo yake. Enoki akaona mama yake, akajificha nyuma ya cherehani, kana kwamba cherehani inaweza kumficha mtu.

"Karibu, Bibi, kuna kaniki mpya," alijaribu Vithaldas.

Bibi Tabea akaipita kaunta kama haipo. Akausukuma mlango. Akakuta wajukuu zake wote wamelala kifudifudi mbele ya ukuta wa picha.

"Nilijua!" alinguruma. "Wanasujudia sanamu! Hulda, watoto wa mwanangu umewauza!"

Hulda hakuwa na mahali pa kukimbilia. Woga ulimjaa, lakini ukweli ulikuwa rahisi kuliko uongo. "Hapana, mama. Picha hawazitazami hata kidogo. Mama Lila amewapigia magoti ili awaoshe miguu, nao wanakataa kuwa juu ya mtu mzima. Tumewasihi wakae, hawataki. Ndivyo ulivyowafundisha wewe."

Bibi Tabea alikuwa amekwisha kuinua fimbo. Ikabaki hewani. Akawatazama wale saba waliokuwa chini, migongo imenyooka, viganja chini, hata mapacha, na pembeni mwa mdomo wake kitu kikatikisika. Hakuna bibi asiyependa kuona mafunzo yake yakifanya kazi.

Akamgeukia Jamnaben. "Wewe una duka, una lori. Watoto wa kike unawapigia magoti ya nini?"

"Binti yangu alikuwa anakufa, Bibi. Nikaahidi kwamba akipona nitawaheshimu wasichana tisa."

"Una wa kiume?"

"Sina. Nina huyu mmoja."

"Na mahangaiko yote haya ni kwa ajili ya wa kike?"

"Bibi, usidhani kwetu hakuna wanaonuna. Lila alipozaliwa, mama mkwe wangu alinuna mwezi mzima, akasema kalamu ya Mungu imekosea. Lakini hata yeye, siku hii ikifika, hupiga magoti akawaosha wasichana miguu. Kwetu tunasema Mama huja nyumbani kwa sura ya msichana. Anangoja aone kama atapewa maji au atafungiwa mlango."

Hulda hakuthubutu kuinua macho. Yule mdogo aliyekuwa kwenye kanga pembeni akapiga chafya.

Nahumu alichungulia mlangoni. "Bibi, chakula kile kimewekwa mbele ya—"

"Nahumu," alisema Bibi Tabea bila kugeuka, "mimi nimebatizwa wewe hujazaliwa. Nenda kalinde baiskeli yako." Kisha akagonga fimbo sakafuni. "Dorika! Inua kichwa. Bwana alipotaka kuwaosha wanafunzi miguu, nani alikataa?"

"Petro, bibi," ilisema sauti kutoka sakafuni.

"Akaambiwa nini?"

"Kwamba asipooshwa hatakuwa na sehemu naye."

"Sasa ninyi nani aliwaambia mnamshinda Petro kwa adabu? Kaeni juu ya vigoda, mtu wa watu atimize ahadi yake! Picha ni zake, msizisujudie. Chakula nitakiombea mimi."

Loo! Wale saba wakaruka kama panzi. Jamnaben akaanza kuosha. Aliosha mguu mmoja mmoja, vumbi jekundu la Makambako likageuza maji rangi ya chai, akapangusa kwa ncha ya hariri yake, akatia kidoti chekundu kwenye paji la uso, akavisha bangili ya kioo. Kila mmoja alimpa jina la sura yake. Dorika akawa Binti wa Mlima, kwa sababu Mama wa kwanza alizaliwa kwenye milima yenye baridi kuliko hata Njombe. Ema akapewa Kengele ya Mwezi, akafurahi akaanza kulia kengele. Mapacha walipovishwa waliziuma bangili zao kuona kama zinaliwa. Alipofika kwa Lucia, ambaye shuleni walimtania kwa weusi wake, alimshika kidevu akamtazama sana.

"Wewe ni Usiku," akasema. "Mama mweusi kuliko wote, na ndiye anayefukuza hofu. Akitembea yeye, mashetani wanatafuta pa kujificha."

Lucia alikaa wima, na kuanzia hapo hakuinamisha kichwa tena siku nzima.

Kikabaki kigoda kimoja kitupu. Jamnaben akabadilisha maji, akakibeba kile kigoda, akakiweka mbele ya Bibi Tabea.

"Bibi, kaa."

"Mimi? Mimi ni msichana, mimi?"

"Uliwahi kuwa."

Watoto wakacheka. Bibi Tabea akawatazama, wakanyamaza, kisha akacheka mwenyewe. "Huyu Mama yenu anakuja mpaka na mvi?"

"Anakuja msichana, anakuja bibi arusi, anakuja mzee mwenye fimbo. Sura hazimwishi."

"Haya basi. Miguu inauma, baiskeli ya Nahumu haina godoro."

Alikaa akitania, akisema maji yasije yakawa moto, akisema mwanamke wa Kihindi ataondoka na ngozi yake. Jamnaben akaushika mguu wa kwanza. Ulikuwa mguu wa shamba, kisigino kimepasuka, kovu la jembe limepita juu ya vidole. Akauweka ndani ya maji akaanza kuusugua polepole kwa kiganja. Utani ukapungua. Ukaisha. Hulda aliinua macho akaona machozi yanatiririka usoni mwa mama mkwe wake, na yule bibi hata hayafuti.

"Nimeosha miguu ya mume wangu," alisema Bibi Tabea, kama anaongea peke yake. "Nimeosha ya watoto, ya wagonjwa, ya maiti. Yangu hajaiosha mtu tangu mama yangu. Na mama yangu naye alikuwa na wasichana watupu. Mimi nilikuwa wa tano. Walisema amezaa hasara."

Miaka yote ile Hulda alimwogopa mwanamke huyu, na leo alimwonea huruma, na huruma ile ikamtia nguvu.

Jamnaben akapangusa miguu, akatia kidoti chekundu kati ya makunyanzi, akavisha bangili ya tisa. "Wewe ni sura ya mwisho," akasema. "Mama Mtoaji. Aliyemwendea hakurudi mikono mitupu."

Hulda akainuka. Hakungoja ujasiri umpoe. Alikinyanyua kitoto pale pembeni, akaja akapiga magoti mbele ya kigoda, akakilaza mapajani mwa bibi yake.

"Mama," akasema, "mchungaji anakuja kesho. Umeitwa Mtoaji. Toa."

Mlangoni Enoki alikuwa ametokea, tepu ya kupimia shingoni, pumzi ameishika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipita mbele ya mama yake bila kuitwa, akapiga magoti kando ya mkewe.

Bibi Tabea akamtazama mtoto. Safari hii hakufunua kanga. Alitazama uso, na ule uso mdogo ukamtazama, na kale kakono kakashika kidole chake kimoja kakang'ang'ania.

"Nilisema majina ya kike nimemaliza," alisema. "Sikudanganya. Ya dada zangu nimeyatoa, ya mashangazi nimeyatoa. Limebaki moja ambalo sikutaka kumpa mtu, kwa sababu niliambiwa lilikuwa la hasara." Akavuta pumzi. "Nimekaa nangoja mvulana. Sasa mvulana angelichukuaje jina langu? Ningekufa nalo bure, mjinga mimi. Huyu ni Tabea."

Vigelegele! Sila alikuwa amechungulia dirishani, yeye ndiye aliyeanza, Hulda akapokea, Jamnaben hakujua kupiga kigelegele lakini alijaribu, ikatoka sauti ambayo mapacha waliiiga wiki nzima. Bibi Tabea akaombea chakula sala ndefu ya Kilutheri, akawataja wagonjwa, wasafiri, na ekseli za malori, na wote wakaitika amina, Jamnaben kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakala maandazi membamba yaliyovimba, njegere za Hulda zilizoungwa kwa viungo, na haluwa ya ngano yenye samli. Vithaldas mwenyewe alileta sukari. Baadaye mtungi ukawashwa taa mchana mchana, na jinsi walivyokuwa wengi walibanana kuuzunguka, wanakanyagana vidole, Bibi Tabea katikati akipiga makofi kwa mwendo wa kwaya. Nahumu alisimama mlangoni kwa uso wa hukumu, mpaka Lila alipomshika mkono akampa andazi, naye akala.

Hulda alitoka kwenye duara, akakaa kigodani, akampakata mwanawe. Alikuwa na furaha mpaka kifua kinauma. Alitaka kumwita kwa jina, wiki tatu alikuwa na hamu hiyo, akafungua mdomo, akakwama. Mkwe hatamki jina la mama mkwe wake. Halitamki akiwa radhi, halitamki akiwa amekasirika, hata liwe limevaliwa na kitoto cha wiki tatu. Jina lile lingeitwa na dunia nzima isipokuwa na yeye. Kwa mtoto kama huyo, tangu zamani, neno la mama mzazi ni moja tu, lile lile analomwita mama mkwe.

Akainama sikioni pake.

"Mama," akamwita. "Mama, amka unyonye."